Mgeni kachomwa na jua la Julai chini ya mawingu ya Nairobi. Nimnunulie losheni gani?

#1 MamaWageni
Wadau, habari za jioni. Nasimamia nyumba ya wageni hapa Lavington, vyumba sita. Mwezi wa saba wageni wengi ni Wazungu walio likizoni kwa sababu kwao ni kiangazi. Wanafika na kaptula, wanatukuta tumevaa sweta.

Jumamosi mgeni mmoja kutoka Stockholm alitandika kitambaa kwenye nyasi saa tano asubuhi, akajipaka mafuta kutoka chupa ya kahawia, akalala kifudifudi. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni nikadhani anapumzika tu, maana jua lenyewe halikuwepo. Wingu lilikuwa limetufunika kama kifuniko cha sufuria. Nguo nilizoanika alfajiri zilikuwa bado mbichi saa nane. Saa kumi akaja jikoni kuomba barafu. Mgongo mwekundu kama nyanya, na pale kamba za nguo zilipopita pamebaki mistari myeupe, imenyooka kama imepigwa kwa rula.

Maswali mawili. Alichomwaje na jua ambalo hatukuliona? Na la pili, bado anataka rangi! Anasema hawezi kurudi kwao Agosti na weupe aliokuja nao. Nilipita duka la vipodozi nikaonyeshwa chupa za aina tatu, na zote muuzaji anaziita losheni ya jua. Nichukue ipi?

#2 KunguruWaRongai
Mama, wingu huzuia joto na ule mwanga unaoumiza macho. Mionzi ya urujuanimno, ile inayobabua ngozi, inapita. Shirika la Afya Duniani linasema wingu jepesi linaweza kupitisha hadi asilimia 80 yake. Kukiwa na joto mtu huhamia kivulini bila kuambiwa. Julai hapa kwetu hakuna kinachokuambia uhame.

#3 BabaShiro
Ni rahisi. Nairobi iko juu, kwa hivyo iko karibu na jua kuliko Mombasa.

#4 Mpwani_Likoni
BabaShiro ndugu yangu, jua liko kilomita milioni 150. Kutoka Mombasa kupanda hadi Nairobi ni kilomita moja na robo tatu hivi. Jua halina habari kwamba umepanda.

Tena kama ni umbali, dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai. Mgeni wa mama kachomwa wakati jua liko mbali kuliko mwezi wowote.

#5 MpandaNgong
Mpwani kamsahihisha vizuri, lakini BabaShiro hakukosea kote. Kimo kina maana, ila ni kwa sababu ya hewa. Ukipanda juu, hewa iliyo kati yako na jua inapungua, na hewa ndiyo chujio. Kila mita 1,000 mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Nairobi iko karibu mita 1,800, fanya hesabu.

Nimeipata hii kwa pua yangu mwenyewe. Mwaka jana tulitembea vilima vya Ngong, vyote saba, hadi Lamwia ambako ni mita 2,460. Upepo ulikuwa mkali hata nikafunga jaketi hadi shingoni. Jumatatu ofisini ngozi ya pua ilikuwa inatoka vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Na mimi ni mweusi wa Busia.

#6 Mpwani_Likoni
Sawa, nimekubali hewa. Lakini mbona wageni wanaotoka Diani ndio wanarudi wameungua kuliko hawa wa Nairobi? Huku mchanga mkavu unarudisha sehemu ya mionzi, povu la bahari linarudisha zaidi, na mtu yuko nusu uchi kutwa. Hata akiwa ndani ya maji, mionzi inamfuata. Kimo peke yake hakitoshi kueleza.

#7 KunguruWaRongai
Kuna jambo hamjalitaja, nalo ni pembe. Jua la Nairobi huwa juu kabisa mnamo saa sita na nusu mchana. Hata Julai linafika nyuzi 67 hivi juu ya upeo wa macho. Stockholm katikati ya kiangazi, siku ile ndefu kuliko zote, linafika nyuzi 54 tu. Kwa hivyo mgeni alilala chini ya jua lililo juu kuliko jua lolote analolijua kwao, akalipima kwa baridi ya ngozi.

Kipimo cha bure ni kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, usilale hapo.

#8 MamaWageni
Asanteni. Kunguru, siku hiyo hakukuwa na kivuli cha kupima. Wingu lilikuwa zito, si jepesi. Ndiyo maana nauliza.

#9 DadaKemia
Mama, nimeuza dawa Ngara miaka tisa na swali la chupa tatu naulizwa kila wiki, kwa hivyo niruhusu niandike kirefu.

Chupa ya kwanza ni ya kukinga. Imeandikwa SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, na nambari. SPF 15 ikipakwa sawasawa huzuia karibu asilimia 93 ya mionzi ya UVB, ile inayobabua ngozi, 30 huzuia asilimia 97, na 50 huzuia 98. Ukiruka kutoka 30 hadi 50 unaongeza asilimia moja, wakati mwingine kwa bei maradufu. SPF lakini inapima UVB tu. Kuna UVA, ambayo inaingia ndani zaidi na kuzeesha ngozi, na hiyo hupita hata kioo cha gari. Kwa bidhaa za Ulaya tafuta herufi UVA ndani ya kiduara.

Chupa ya pili ni mafuta ya kuivia, yaani ya kujipaka ukikaa juani ili ngozi iwe kahawia. Utaona picha ya nazi au kakao, au msichana ufuoni. Mara nyingi hayana kinga yoyote, au yana SPF 4 au 6. Hayatoi rangi. Rangi inatolewa na jua, yenyewe yanaifungulia ngozi mlango.

Chupa ya tatu inapaka rangi bila jua. Ndani yake kuna dihaidroksiasetoni, kwa kifupi DHA. Inashikana na protini za ngozi iliyokufa juu kabisa na kugeuka kahawia baada ya saa chache. Siku tano hadi saba inatoka yenyewe kadiri ngozi inavyopukutika. Haikingi jua hata kidogo, na hapa ndipo wengi wanaumia: wanajiona wameiva, wanatoka kifua wazi.

Hiyo chupa ya kahawia ya mgeni ni ipi?

#10 MamaWageni
Ina picha ya nazi. Ni ya pili basi. Nambari sikuiona.

#11 ChumaKayole
Chupa ya tatu waulizeni watu wa jimu. Sisi tunaotunisha misuli tunajipaka kabla ya kupanda jukwaani, hata aliye mweusi tititi, kwa sababu zile taa hufuta mistari ya misuli na mwili unaonekana kama umepigwa pasi.

Ushauri wangu kwa mgeni: siku moja kabla asugue magoti, viwiko na vifundo vya miguu kwa kitambaa kigumu. Ngozi ngumu hunywa rangi zaidi. Mara yangu ya kwanza sikusugua, nikapanda jukwaani na viwiko kama nimevitia kwenye masizi. Avae glavu au aoshe viganja mara moja. Na alalie shuka lako la zamani, mama, si lile jeupe. Harufu itakuwa kama biskuti zilizoungua kidogo, asishtuke.

#12 BintiUmoja
Kwa hivyo Chuma ndiye aliyeharibu shuka za mamake, sasa tumejua.

#13 ChumaKayole
Shuka mbili na taulo. Nilizilipa.

#14 BabaShiro
Turudi kwenye mada. Mimi naona haya yote ni mambo ya Wazungu. Losheni ya jua si ya Mwafrika. Mungu alitupa yetu ndani ya ngozi.

#15 MamaWaMapacha
BabaShiro, naomba unisikilize kwa heshima. Nina mapacha wa miaka minane, mmoja ana ualbino. Ni Mwafrika kama wewe. Melanini, ile rangi ya ngozi unayoisema, mwenzake anayo, yeye hana.

Kila asubuhi saa kumi na mbili namsimamisha karibu na dirisha. Nakamua losheni ya SPF 50 mistari miwili kwenye vidole vyangu, wa kati na wa shahada, kuanzia ncha hadi shina. Hiyo ni ya uso na shingo tu. Halafu masikio, nyuma ya masikio, na ile njia ya nywele kichwani ambayo watu husahau. Mikono, migongo ya viganja, miguu. Kofia pana, mikono mirefu. Ndipo naanza kumvalisha pacha wake, ambaye ameshamaliza chai.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa losheni hiyo bila malipo kwa watu wenye ualbino waliosajiliwa, lakini chupa moja haifiki mbali ukipaka inavyotakiwa, kila saa mbili. Shuleni kwao kulikuwa na mwalimu aliyemtaka avue kofia wakati wa gwaride kwa sababu si sare. Dakika arubaini uwanjani. Alirudi na malengelenge masikioni. Nilienda pale siku tatu mfululizo mpaka kofia ikakubaliwa.

Kwa hivyo ukisema losheni ya jua ni ya Wazungu, muuzaji wa duka anakusikia, haagizi, na mimi natembea kutoka Kasarani hadi mjini kuitafuta.

#16 BabaShiro
Mama Mapacha, samahani sana. Sikufikiria hilo. Nimejifunza.

#17 FundiMabati
Pole mama, na hongera kwa zile siku tatu.

Kwa sisi wenye melanini, BabaShiro, kinga ipo lakini ina kikomo. Naezeka mabati, kazi ya saa nane kwa siku Ruiru na Juja. Bati jipya linapiga jua kutoka chini, unachomwa kidevuni na ndani ya pua. Nikivua saa, chini yake kuna mkono wa mtu mwingine kabisa. Miaka ya kwanza sikuona shida. Sasa nina mabaka meusi mashavuni ambayo hayatoki.

#18 DadaKemia
Fundi, ngozi nyeusi hukadiriwa kuwa na kinga ya asili ya kama SPF 13. Ni nyingi ukilinganisha na ya Mzungu ambayo ni 3 hivi, lakini kwa saa nane juu ya bati haitoshi. Ukitaka losheni, kwanza jaribu kidogo kwenye taya dukani. Zile za zinki oksaidi na titani dioksaidi huacha uso kama umepakwa unga.

#19 BintiUmoja
Watu weusi nao hupata saratani ya ngozi. Bob Marley alikufa nayo 1981, ana miaka 36. Ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

#20 KunguruWaRongai
Binti, ni kweli alikufa na melanoma, ila aina ile ya nyayoni na chini ya kucha haihusishwi na jua. Losheni isingemsaidia. Kinachosaidia ni kuangalia nyayo na kucha zako na kwenda hospitali mapema ukiona doa jeusi linalokua.

#21 DadaKemia
Mama Wageni, nimekumbuka swali ambalo ningemuuliza wa kwanza kabisa kama angekuja kaunta yangu. Anameza dawa gani? Wageni wanaoelekea Pwani au Kisumu mara nyingi huandikiwa doksisaiklini ya kuzuia malaria, kidonge kimoja kila siku. Dawa hiyo huifanya ngozi iungue haraka, hata kwa jua ambalo kwa kawaida lisingemfanya kitu. Hapo hata wingu zito linaweza kuelezeka.

#22 MamaWageni
DadaKemia, nimemuuliza wakati wa chakula cha jioni. Ndiyo! Anameza, wanaenda Diani Alhamisi. Lakini mumewe anameza ileile, alikaa naye pale nyasini akisoma kitabu, na hana hata doa.

#23 MpandaNgong
Alijipaka mafuta?

#24 MamaWageni
Hapana. Na alikuwa na shati.

#25 Mpwani_Likoni
Basi shati limeshinda nadharia zetu zote.

#26 SistaPangani
Mama, huyo dada alikuwa anakula au kunywa nini pale nje? Nauliza kwa sababu miaka ya nyuma nilikuwa nauza maji ya matunda mjini. Siku moja nilikamua ndimu kutwa nzima nikiwa juani. Kesho yake nikaona wekundu, kesho kutwa malengelenge, kisha alama nyeusi iliyokaa miezi miwili. Daktari akaniambia maji ya ndimu yakigusana na jua juu ya ngozi yanaunguza. Alama ilikuwa na umbo la vile maji yalivyotiririka.

#27 MamaWageni
Sista umenishtua. Nilimpelekea papai na vipande vya ndimu mwenyewe. Leo ana mstari wa kahawia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, unashuka kuelekea kiwiko, na tone moja pembeni. Nilidhani ni uchafu wa mafuta. Mgongoni lakini hakukuwa na ndimu.

#28 SistaPangani
Basi ana mawili. Mkono ni ndimu, mgongo ni hayo mengine mliyoyataja. Mwambie asisugue huo mstari na aufunike, jua likiupiga tena unazidi kukolea.

#29 BintiUmoja
Nje ya mada kidogo. Dukani kuna chupa za picha ya karoti. Nyingine watu wanasema ni za kuivisha, nyingine za kung'arisha. Dubois Road nilionyeshwa zote mbili rafu moja.

#30 DadaKemia
Binti, usimnunulie mtu chupa ya karoti bila kusoma orodha ya viungo. Nyingi ni za kuchubua. Haidrokwinoni na zebaki katika vipodozi zimepigwa marufuku na KEBS, shirika la viwango la Kenya, ila zinaingia kwa njia za panya. Mtu akijichubua anaondoa kinga aliyonayo, halafu anatembea jua hili la Nairobi. Napokea nyuso hizo kaunta, wasichana wadogo, mashavu yamekuwa mekundu na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Inaniuma kila mara.

#31 MzeeWaKarura
Vijana, na huko kwao haikuwa hivi zamani. Weupe ndio ulikuwa heshima, maana mweusi ni aliyelima. Wanawake wa hadhi walitembea na miavuli. Watu wengi husimulia kwamba Coco Chanel alirudi kutoka baharini Ufaransa ameiva, mwaka 1923, na wenye pesa wakaanza kumfuata. Rangi ikawa cheti cha likizo. Huyo dada wa Lavington anataka cheti chake.

#32 BabaShiro
Si kuna mashine za taa za kuivishia? Aende huko, arudi ndani ya saa moja.

#33 KunguruWaRongai
Usimtume huko, BabaShiro. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vitanda hivyo vya taa kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na sigara.

#34 Mpwani_Likoni
Anakuja kwetu Alhamisi, mama, basi nipe nafasi. Nimewahudumia wageni ufuoni tangu 2011. Mwambie siku tatu za kwanza akae nje kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. SPF 30, mwili mzima kama gramu thelathini, hiyo ni sehemu kubwa ya kiganja kilichokunjwa, na arudie kila saa mbili na kila akitoka majini. Akienda kutazama samaki avae fulana, maana mgongo ndio unaoelea juu. Rangi ataipata tu, polepole.

#35 ChumaKayole
Na SPF 30 ataipataje rangi? Si inazuia 97?

#36 DadaKemia
Kwa sababu hakuna anayepaka ya kutosha, Chuma. Wengi hupaka nusu au robo ya kiasi kilichopimwa maabara. Lakini simwambii aifukuzie hiyo rangi. Melanini mpya hutengenezwa baada ya seli kuumia, na huchukua siku mbili tatu kuonekana. Ngozi iliyoiva inakinga kama SPF 3 au 4 tu. Mimi ningempa chupa ya tatu kwa rangi, ya kwanza kwa kinga, ile ya nazi aiache.

#37 Mpwani_Likoni
Hapo tunatofautiana, dada. Wamekuja kwa ajili ya jua, hawatakaa chumbani wakijipaka. Afadhali wafundishwe kulikaa.

#38 MpandaNgong
Mama, hebu igeuze hiyo chupa ya nazi uangalie chini. Kuna kipicha cha kopo lililofunguliwa kifuniko, na nambari ndani. Ni miezi ya kutumia tangu kufunguliwa.

#39 MamaWageni
Nimeiangalia sasa hivi, iko bafuni. Kopo limeandikwa 12M. Nimemuuliza, aliifungua kiangazi cha mwaka juzi. Na DadaKemia, nyuma kwa maandishi madogo kabisa, chini ya picha ya nazi, kuna SPF 6. Sikuiona jana.

#40 KunguruWaRongai
Sita ya mwaka juzi. Hiyo sasa ni sita au ni sifuri?

#41 DadaKemia
Inategemea ilivyotunzwa. Ilikaa wapi?

#42 MamaWageni
Anasema kwenye gari. Ngoja, mumewe anasema hapana, ilikuwa kwenye mashua ya babake. Wanabishana. Nitarudi.